Feni Ilikuja Ndogo Kama Sahani: Maoni Yetu ya Kweli Kuhusu Vitu Tulivyonunua Mwaka Huu

Tuanze na feni, maana ndiyo iliyotuchekesha na ndiyo iliyotuuma.

Ilikuwa Februari. Kama unakaa Mombasa unaijua Februari. Joto la mchana linalala nawe usiku, mtoto analia, na ukifungua dirisha mbu wanaingia kama wamealikwa. Mmoja wetu anayekaa Shika Adabu, kule Likoni, akaona picha ya feni kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Feni ya kusimama, ndefu, nyeusi, ina rimoti, imewekwa kando ya kochi zuri. Bei shilingi 1,950. Mjini feni za namna hiyo tuliziona zikianzia 3,500 kwenda juu. Muuzaji akasema zimebaki mbili tu, tuma pesa tukuwekee. Pesa ikatumwa, tena kwa namba ya mtu binafsi, si ya biashara. Siku tatu baadaye bodaboda akavuka feri na boksi limefungwa vizuri, na ndani yake kweli mlikuwa na feni. Ina mabawa, ina waya, inazunguka. Ukubwa wake ni sahani ya wali, na inatumia waya wa chaji ya simu.

Tulipompigia muuzaji alisema, "Dada, picha ni ya kuonyesha tu." Baada ya hapo simu ikawa haishikwi.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Sisi ni watatu tunaowaandikia nyinyi wateja masomo haya ya matumizi ya pesa kwa simu: mmoja Likoni, mmoja Mwandoni kule Kisauni, mmoja Magongo, Changamwe. Sisi ndio tunaowaambia kila wiki msitume pesa kabla ya kuona mali. Ni kama mwalimu wa kuogelea kuzama kwenye beseni. Hadithi ya feni tuliificha karibu mwezi mzima. Lakini mwaka ulipoelekea mwisho tukaamua kila mmoja atoe taarifa yake ya malipo ya miezi kumi na miwili, tuziweke mezani, tupitie kila kitu tulichonunua, tuseme kipi kilifaa na kipi tulijuta. Hakuna muuzaji aliyetulipa na hakuna duka tutakalolitaja, zuri wala baya.

Tulidhani tutatoka na orodha ya bidhaa nzuri na bidhaa mbovu. Haikuwa hivyo. Vitu vibovu kabisa vilikuwa vichache. Hata ile feni, kama ingeuzwa kwa jina lake na bei yake, ni kitu cha maana kwa mtu mwenye meza ndogo. Kilichotuharibia mara nyingi ni wakati tuliolipa na njia tuliyolipia. Pale tulipolipa mwisho, tulikuwa na sauti. Pale tulipolipa mwanzo, tulibaki kubembeleza. Na pale tulipolipa kwa deni, tuliendelea kukilipa kitu ambacho hata hamu yake imeshatutoka.

Chukua pipa. Kati ya vyote tulivyonunua, pipa la plastiki la maji ndilo tunalolipa heshima ya kwanza, na wala halina rimoti. Mwenzetu wa Mwandoni alilinunua Kongowea kwa 2,800. Kisauni tunategemea maji ya Baricho, na wenzetu wa Likoni wanategemea Marere na visima vya Tiwi, lakini kote ng'ambo habari ni moja: maji yanakuja usiku yakipenda. Yakikatika, mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ni shilingi 20, na siku za shida tumelipa hadi 50. Pipa hili linabeba mitungi kumi. Mtaa ule maji hutoka mara mbili kwa wiki, basi unalijaza mara mbili, unajiepusha na mitungi ishirini, yaani shilingi 400 kwa wiki kwa bei ya kawaida. Wiki saba, pipa limejilipa. Kuanzia hapo ni faida tupu, isipokuwa usingizi wa kuamka saa nane usiku kushika mpira wa maji.

Lakini angalia lilivyonunuliwa. Mzee aliyeliuza alisema, "Mwanangu, funua, nusa." Tukanusa, maana mapipa mengine yalibeba dawa za viwandani na harufu haitoki hata ulioshe mara ngapi. Hilo lilikuwa na harufu ya mbali ya juisi ya maembe. Tukanunua mtungi mmoja wa maji hapo hapo, tukaumwaga ndani, tukakaa chini ya turubai yake tukinywa kahawa huku tunaangalia kama litavuja. Dakika kumi. Halikuvuja. Ndipo tukalipa, kwa namba ya till yenye jina la biashara yake, meseji ikaingia kwake na kwetu, tukaagana kwa salamu nyingi. Hakuna aliyemshuku mwenzake. Ndivyo watu wa pwani walivyokuwa wakinunua tangu zamani, mali ikiwa mkononi. Simu haikuondoa hiyo desturi. Sisi wenyewe ndio tuliiacha tulipoanza kununua picha.

Tunajua wauzaji wa mtandaoni watatujibu. Wengine ni marafiki zetu, tulisoma nao masoko chuoni, na kilio chao ni cha kweli. Mteja anaagiza kiatu, bodaboda anatoka mjini hadi Likoni, anasubiri feri na pikipiki yake, akifika mteja hapokei simu. Nauli ya kwenda na kurudi imekula faida ya viatu vitatu. Kwa hiyo wanataka pesa mbele, na hatuwezi kuwaita matapeli kwa hilo tu. Sisi tumefikia msimamo huu: nauli mbele, mali nyuma. Lipa pesa ya bodaboda kabla hajatoka, mia mbili au tatu, hiyo ukiipoteza haikuvunji. Bei ya mali ilipwe boksi likishafunguliwa. Muuzaji anayekataa hata hilo ana lake jambo. Na bodaboda akikwambia, "Mama fanya haraka, nna wateja wengine," mwambie akae kivulini kidogo. Sisi tuliona haya kumchelewesha kijana wa watu, na haya hiyo ilitugharimu 1,950.

Mmetuuliza mara nyingi: kwani nyinyi si mnarudisha pesa? Tunarudisha pesa iliyokosea njia. Umekusudia kumtumia dada yako, kidole kikateleza, ikaenda kwa mtu usiyemjua. Toa taarifa haraka kabla haijatolewa, mara nyingi inapatikana. Lakini pesa uliyoituma kwa hiari yako kwa mtu uliyemkusudia haikukosea njia. Kilichokosea ni ukubwa wa feni, na hilo mtambo wetu hauwezi kulijua. Tuliliwasilisha ombi letu kama mteja mwingine yeyote, tukajibiwa na mwenzetu wa dawati la jirani kwa maneno yale yale tunayowajibu nyinyi. Tulikasirika. Sasa tunajua mnavyojisikia.

Sheria ipo, tusidanganyane. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari za kutosha, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Mwaka 2012 ikatungwa Sheria ya Kulinda Watumiaji. Lakini haki unaidai kwa nani? Ukilipa kwa till, meseji yako ina jina la biashara, kiasi, tarehe na saa. Hiyo ni risiti, usiifute. Ukituma kwa namba ya mtu, una jina la mtu tu, na yeye anaweza kusema alikuwa anakudai.

Twende Magongo, kwenye jambo ambalo hatukucheka hata kidogo. Ekstensheni ya umeme, matundu manne, shilingi 250 kando ya barabara. Nyumba ni ile ya vyumba sita na ukumbi mmoja katikati, mnaijua. Usiku wa pili tangu inunuliwe, pasi na jiko dogo la umeme vilikuwa vimechomekwa pamoja. Plagi ikayeyuka, ukuta ukawa mweusi, na jirani ndiye aliyesikia harufu. Vyumba sita, watoto tisa. Ya pili ilinunuliwa kwa 950 na waya wake ni mnene maradufu. Sasa tumejifunza kuangalia alama ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Ukiandika SM# kisha namba hiyo, ukaituma kwa 20023, unajibiwa bidhaa ni ya nani na kibali chake kikoje. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, pochi haijafunguka. Muuzaji mmoja alituona tukiandika meseji, akaichukua ile ekstensheni mkononi mwetu akairudisha rafuni mwenyewe, bila kusema neno.

Gesi tutaigusa kwa haraka. Meli za gesi zinashusha hapa hapa Mombasa, na bado tunaibiwa uzito. Bei tunaijadili sana, na ni haki, kwa sababu Julai 2021 gesi ilibandikwa VAT ya 16%, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8%, na 2023 ikaondolewa. Lakini uzito hatuuulizi. Kule Mwandoni mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukikaa siku ishirini na nne ulikaa kumi na mbili. Ulinunuliwa pungufu ya shilingi 150, tukajiona wajanja. Mtungi wenyewe umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza 6, hiyo ndiyo hesabu inayotakiwa kwenye mzani. Mtungi wa safari iliyofuata, kutoka kwa yule yule, tuliubeba hadi kwa jamaa wa chuma chakavu, ndiye mwenye mzani mtaa ule. Tukakuta ndani mna kilo 3.8. Siku hizi tunanunua kwa muuzaji mwenye mzani dukani kwake, na tunalipa mtungi ukiwa juu ya mzani.

Sasa simu. Hapa sisi watatu hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana.

Mama wa mwenzetu wa Magongo anauza viazi karai na bajia jioni karibu na stendi. Simu yake ya vibonye ilichoka, na wateja wake wengi ni vijana wanaoshuka matatu bila pesa taslimu. Akachukua simu ya kulipia kidogo kidogo. Alitanguliza 2,500, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 365. Piga hesabu: 60 mara 365 ni 21,900, jumlisha ile 2,500, jumla 24,400. Simu hiyo hiyo mjini, pesa mkononi, tuliikuta kwa 15,500. Tofauti ni 8,900. Hakuna aliyemficha ile 60 ya kila siku. Ila jumla ya 24,400 hakuna aliyemwandikia mahali popote, na yeye hakuuliza.

Mwezi wa Mei mvua za masika zikaja. Nani atasimama kwenye matope kula viazi karai? Siku tatu hakulipa, simu ikajifunga. Na hapo ndipo hasara ya kweli ilipotokea. Meseji za malipo ya wateja zilikuwa zinaingia kwenye simu hiyo hiyo. Siku ya nne mvua ikapumzika, watu wakaja, kila mmoja akimwonyesha meseji kwenye simu yake, "Mama nimelipa, ona." Aliwaamini, angefanyaje? Usiku alipolipa deni na simu kufunguka, akahesabu, akakuta shilingi 640 hazikuwahi kuingia. Kuna watu walimwonyesha meseji ya uongo, au ya wiki iliyopita. Simu iliyofungwa ili alipe ndiyo iliyomzuia kupata cha kulipa.

Mmoja wetu akasema, huo ni wizi mtupu. Angengoja chama. Yeye yuko kwenye chama cha wanawake kumi, kila mmoja anatoa 1,500 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 15,000. Hiyo 1,500 ni kama shilingi 50 kwa siku. Sawa na kusema chama kingemtoza 50 kwa siku na kumpa simu bila nyongeza, ilhali kampuni imemtoza 60 na nyongeza ya karibu elfu tisa. Hesabu haina ubishi.

Mama mwenyewe alipotusikia alicheka. Alituambia, "Wanangu, nyinyi mmesoma, lakini hesabu yenu ina tundu. Kwenye chama mimi nilikuwa namba nane. Miezi minane nikae bila till, hao vijana watakula kwa nani? Kwa jirani yangu. Na wakishazoea bajia za jirani, utanirudishia nyinyi?" Kisha akasema kilichomuuma si ile 8,900. Kilichomuuma ni siku nne za kufungiwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba zikija siku za mvua anaweza kupiga simu akaomba muda. Aliambiwa baadaye.

Tumelifikiria sana jibu lake. Wawili wetu sasa tuko upande wake, mmoja bado hajashawishika. Lakini sote tunasema hivi: kabla ya kuchukua chochote cha kulipia kidogo kidogo, mwambie muuzaji akuandikie jumla yote kwa mkono wake kwenye karatasi, na akwambie itakuwaje ukikosa siku tatu. Asiyetaka kuandika, usichukue kwake. Na kama una simu ya zamani ya vibonye inayoshika chaji, laini inayopokea pesa za biashara ibaki kwenye hiyo. Simu kubwa ikifungwa, biashara isifungwe.

Ukiamua kununua simu iliyotumika, na wengi wetu ng'ambo ndizo tunazonunua, bonyeza *#06# uone namba yake kabla ya kulipa, uilinganishe na ya kwenye boksi, na uandikiwe risiti yenye namba hiyo. Wale wenye umri wetu mnakumbuka 2012 simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Wengine tulikuwa bado watoto, lakini tunakumbuka wajomba waliobaki na simu za kuchezea michezo tu.

Vitabu navyo. Mdogo wake mwenzetu wa Likoni yuko kidato cha tatu, na aliagizwa Bembea ya Maisha, ile tamthilia ya Timothy Arege. Tulipoona bei ya nakala mpya tukashika vichwa, na sehemu ya bei hiyo ni kodi, kwa kuwa tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya 16%. Basi tukanunua nakala ya 250 kwenye meza ya mtu mjini. Jalada linang'aa, rangi imekoza kupita kiasi, karatasi nyepesi unaona kidole upande wa pili. Ilikuwa nakala bandia, na tulijua, tusijifanye. Mtoto akaisoma. Muhula ulipofika katikati, swali la mtihani likatoka sehemu ambayo kwake haikuwepo: kitabu kiliruka kutoka ukurasa wa 64 hadi wa 81. Kurasa kumi na sita nzima. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu, "Nilidhani mwandishi ndiye ameruka." Alama alizopata hatuzitaji, ni siri yake, lakini alilia, na sisi ndio tuliomliza kwa kutafuta kuokoa shilingi mia tatu.

Hapo tukabadilisha mawazo kuhusu vitabu vya mtumba. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi tulimnunulia nakala halisi iliyotumika, shilingi 300, kona zimekunjika, na mwenyewe wa kwanza ameandika maelezo kwa penseli pembeni. Mdogo wetu anasema maelezo hayo ni mazuri kuliko ya mwalimu. Nakala halisi iliyochakaa inaishinda bandia inayong'aa, kila siku. Fungua, hesabu kurasa mbele ya muuzaji. Dakika mbili tu. Sisi wenyewe tulinunua pia kitabu kimoja cha jinsi ya kutajirika, 1,200, tukasoma kurasa arobaini. Mwandishi bila shaka ametajirika.

Kuna jambo tulitarajia litatuaibisha likatutetea. Tulidhani taarifa zetu zitaonyesha tunapoteza pesa kwa kununua vya kupima: mafuta ya kupikia ya shilingi 40, sukari robo, kipande cha sabuni. Shuleni tulifundishwa kununua kwa jumla ndio ujanja. Tukajaribu miezi miwili. Mafuta ya kupima yalituwekea lita moja kwa kama 400, ya chupa ilikuwa 330. Kwa hesabu ya karatasi chupa inashinda. Kwa hesabu ya jikoni haikushinda, kwa sababu chupa kubwa ina mkono mkubwa. Lita mbili zilizokuwa zikitosha mwezi ziliisha siku ya ishirini na moja, na jirani aliazima mara mbili. Kwa hiyo mama wa nyumbani anayenunua ya 40 kila jioni tumuache. Anajua anachofanya.

Kilichotukausha hasa kilikuwa mahali tulipokuwa hatuangalii, na hapa tunaizungumzia huduma yetu wenyewe. Ni ile ya kukopa salio likipungua, unalipa kitu cha 300 wakati una 180, mfumo unakujazia, halafu unakutoza kila siku mpaka ulipe. Tulijumlisha ada hizo peke yake, bila deni lenyewe. Mmoja alilipa 1,840, mwingine 3,120, wa tatu 640. Jumla 5,600. Hayo ni mapipa mawili ya maji. Na tulikopa tununue nini? Tulirudi meseji moja moja tukaangalia. Bando. Soda. Tuktuk ya kwenda mahali ambapo siku nyingine tunatembea. Mara mbili tu lilikuwa jambo la haja: dawa ya mtoto usiku, na nauli ya msiba. Kwa mara hizo mbili huduma ilitufaa na tunaishukuru. Kwa mara nyingine zaidi ya sitini, ilikuwa ni kitufe kilichokaa karibu mno na kidole.

Kumbukeni pia kwamba tangu Julai 2023 ada za kutuma pesa kwa simu zina ushuru wa bidhaa wa 15% ndani yake. Kutuma 200 mara tano kwa mtu yule yule siku moja, kwa sababu hukupanga, ni kulipa ada na ushuru mara tano.

Tumewaandikia wakubwa wetu tukaomba kitu kimoja: kabla ya kitufe cha kukopa kukubali, skrini ionyeshe kwa herufi kubwa deni hilo litakuwa shilingi ngapi baada ya siku saba na baada ya siku thelathini. Mama wa Magongo aliandikiwa 60 bila kuandikiwa 24,400, na sisi tunawafanyia nyinyi jambo la jamaa hiyo hiyo. Wamesema wanalitafakari. Tutawaambia wakitujibu, na wasipotujibu pia tutawaambia. Kwa sasa, sisi watatu tumeizima kwenye simu zetu, kila mmoja akimsimamia mwenzake, maana mmoja alisema ameizima kumbe bado.

Na feni, kwa wale watakaouliza, bado ipo Shika Adabu. Asubuhi inawekwa mbele ya sinia kupoza mahamri ya mtoto kabla ya shule. Kwa kazi hiyo, tuseme haki yake, ni nzuri sana.